Shabiki kindakindaki wa chama la chuo nauliza: huu unga tunaorusha kila tukishinda, mpaka lini?

Wakuu habari za jioni, kwa wa Mbeya poleni na baridi, kwa wa Iringa kamwene, na nyie msijifanye hamjauona huu uzi maana mnahusika vizuri tu.

Kabla hamjaanza kuniita mamluki ngoja nijitambulishe. Hili chama, yaani timu yetu ya mpira, niko nalo tangu mwaka wa kwanza, nimelipigia ngoma mpaka viganja vikatoka malengelenge, nimeshatoka Mbeya mpaka Iringa nimekaa juu ya ndoo ya rangi katikati ya siti za kosta, zaidi ya kilomita 300, Makambako pale nikashuka kujinyoosha mguu ukagoma kabisa kama sio wangu, na tulivyofika tukafungwa mbili bila. Nimemaliza chuo lakini sijaondoka mjini, nafanya kazi duka la stesheni maeneo ya Kabwe hapa Mbeya, kutoa kopi na kubana vitabu, na kwenye tawi la mashabiki bado ndo mimi nashika daftari la michango kwa sababu hakuna mtu mwingine anayetaka hiyo kazi ya kudaiana na watu. Chuo sikitaji jina, wanaojua wanajua.

Sasa kwa wasiojua. Sisi chama likishinda fainali au likimpiga yule mtani wetu wa Iringa, kipyenga cha mwisho kikilia tu tunarusha unga. Sio kwamba mtu mmoja kaja na kipakti chake mfukoni, hapana, viroba. Sembe nyeupe, ile super. Wanaanza wachezaji, anafuata kocha, anafuata refa kama kachelewa kukimbia, afu baada ya hapo ni kila mtu na mwenzie, ukiangalia kwa juu jukwaani uwanja wote unakuwa kama ukungu wa Uyole asubuhi ya mwezi wa sita. Kuna jamaa walikataliwa na konda pale Mafiati, kawaambia nyie mkajipukute kwanza, siti zangu nyeusi. Kiukweli ni raha, siwezi kudanganya, ukiwa ndani ya lile vumbi jeupe watu wanaimba humuoni hata jirani yako unasikia tu ngoma, ile hali sijawahi kuipata sehemu nyingine hata Sokoine siku Mbeya City inacheza.

Kwa hiyo huu uzi hauandikwi na mtu ambaye hajui anachokiongelea.

Ilivyoanza mimi kuwaza ni fainali ya Machi. Tulishinda kwa penati, ya mwisho kipa wetu kapangua kwa mguu, basi ikawa fujo. Usiku nikaweka klipu stetasi ya wasapu, mimi mwenyewe niko katikati nimemwagiwa kiroba kizima kichwani nacheka. Asubuhi mzee kanipigia. Mzee wangu analima mahindi Mbozi na sio mtu wa kupiga simu asubuhi kama hakuna shida, nikajua kuna msiba. Akasalimia, akauliza mmeshinda, nikamwambia ndio baba, akasema hongereni. Akanyamaza kidogo. Afu akauliza, "Ule mliokuwa mnamwagiana ni unga au chokaa?"

Nikamwambia chokaa.

Akasema sawa, chokaa inaunguza macho, muwe makini. Akakata.

Wakuu mimi nimekua kwenye yale mahindi. Nimepukuchua kwa mkono mpaka kidole gumba kikavimba nikawa siwezi kushika kalamu Jumatatu shuleni. Najua viwavijeshi vikiingia shamba linavyokuwa, najua mzee akikosa hela ya mbolea ya kukuzia anavyozunguka zunguka pale nje bila kukaa. Na nimekaa na ule uongo wa chokaa tangu Machi, nikaona bora nitoe daftari nipige hesabu nijue nimedanganya kwa kiasi gani.

Fainali ile tulinunua viroba 14 vya kilo 25. Zidisha mwenyewe, kilo 350. Sisi tulilipa elfu 32 kwa kiroba, bei ya jumla pale Mwanjelwa kwa kuongea sana, jumla laki nne na elfu arobaini na nane. Michango ya watu, buku buku, wengine mia tano, wengine wametoa kwenye bumu, hela ya mkopo wa chuo, ile elfu 10 ya kula na kulala kwa siku, yaani mtu anakula chipsi kavu bila yai wiki nzima ili akarushe unga, na mimi nilikuwa nawaandikia majina na kuwatolea macho ambao hawajalipa. Sasa gunia la kilo 100 ukilikoboa na kulisaga vizuri sembe inatoka kama kilo 70 na kitu, nyingine ni pumba, kwa hiyo kilo 350 ni kama magunia matano. Shamba la mzee likiwa na mwaka mzuri na mbolea imepatikana kwa wakati eka inampa magunia 15. Theluthi ya eka. Kulima, kupanda, palizi mbili, kuvuna, kupukuchua, kukoboa, kusaga, kusafirisha, afu dakika nne.

Upande wa chakula, kilo moja pale kantini wanatoa sahani nne za ugali wa kushiba. Fanya elfu moja na mia nne. Mimi sio mtu wa kusema kuna watu wanalala njaa nyie mnamwaga, hiyo lugha huwa inanichosha hata mimi, maana unga tusiporusha hauendi kwa mwenye njaa, unabaki dukani. Ila hesabu nimeiona na siwezi kuirudisha isionekane.

Kitu kingine ni asubuhi yake. Nilirudi uwanjani kuchukua ngoma tulizoacha. Usiku ilikuwa imepiga mvua, mvua za huku za Machi mnazijua. Unga ukikutana na mvua hautoki kwa ufagio, unakuwa ile gundi ya kubandikia matangazo ya mikutano ya injili, umeshika kwenye ngazi za jukwaa, kwenye mfereji umeziba maji yamesimama yamekuwa uji, na harufu ya kuchacha imeshaanza. Kuna mama wa usafi alikuwa anakwangua kwa kipande cha bati, kapiga magoti kwenye kanga, ngazi moja moja. Nikamsalimia, ugonile mama, kaitikia vizuri tu. Pembeni yake ana kiroba chetu kimoja kilichopasuka, ndani kakusanya ule ambao haukulowa, uliokuwa chini ya paa. Aliniona nakiangalia. Akasema, "Wa kuku, mwanangu." Sawa, wa kuku. Mimi nilimsaidia kubeba mpaka getini na nikaona alivyoufunga, kakunja mdomo mara tatu kafunga na kamba. Chakula cha kuku hakifungwi hivyo.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo najua ndo mtaniletea, kwamba huu ni utamaduni wa chuo tumeukuta, tusiuguse. Nimewatafuta makaka waliokuwepo mwanzo, wawili wako hapa hapa Mbeya wana familia zao. Wote wananipa stori moja. Siku ya fainali ya kwanza kabisa chokaa ya kuchorea uwanja iliisha nusu ya kiwanja. Mtunza uwanja akaenda stoo ya jikoni akapewa unga ambao umeharibika, umeingia wadudu na umeshikana mabonge, wapishi walikuwa wanataka kuutupa tu. Akachorea mistari iliyobaki. Yaani boksi moja ni chokaa, boksi lingine ni sembe ya wadudu. Mpira umeisha tumeshinda, mtu mmoja akachota kilichobaki kwenye ndoo akammwagia nahodha. Basi. Ndo mwanzo wa utamaduni mtukufu mnaousema.

Mmeona? Walirusha takataka. Kitu ambacho hakiliki, kilichobaki. Sisi tukaja tukageuza tukaanza kwenda Mwanjelwa kununua super kwa hela taslimu na kubishana bei.

Nikawa nasoma soma huko kwa wenzetu wanaopenda michezo ya vyuo kuliko sisi, maana Marekani mpira wao wa vyuo, ule wa kushika kwa mikono, unajaza uwanja kuliko ligi zetu zote hizi ukizijumlisha. Kuna chuo kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Wao wakishinda wanaenda kwenye kona moja ya mji inaitwa Toomer's Corner wanarusha karatasi za chooni kwenye miti mpaka miti inakuwa myeupe yote. Unacheka eeh, mimi pia nilicheka, afu nikakumbuka kiroba kichwani. Sasa inavyosimuliwa ni kwamba pale kona kulikuwa na duka la dawa la Toomer, zamani matokeo ya mechi za ugenini yalikuwa yanakuja kwa telegrafu, ile inayotoa utepe wa karatasi, wakishinda vijana wa duka wanautoa ule utepe nje wanautupia kwenye nyaya. Utepe uliokwisha kusomwa! Mabaki tena. Karatasi za chooni zikaja kushika kasi baadaye sana, wengi wanataja 1972 walipomfunga mtani wao, Chuo Kikuu cha Alabama, 17-16.

Na hapo ndo sehemu iliyonikamata. Novemba 2010 Auburn walimpiga mtani wao huyo huyo Alabama 28-27 wakiwa wametanguliwa 24-0. Shabiki mmoja wa Alabama anaitwa Harvey Updyke akaenda akaimwagia ile miti dawa ya kuua magugu, afu akapiga simu redioni kujisifu. Mialoni miwili mikubwa ikafa taratibu, ikakatwa Aprili 2013, na jamaa akala jela. Sasa miti hamna, utamaduni umekufa? Wakafunga nyaya pale pale wakaendelea kurushia kwenye nyaya. 2015 wakapanda miti mingine wakaambiana jamani hii msiiguse kwanza ipate nguvu. Yaani ule utamaduni umebadilisha karatasi, umebadilisha miti, umekaa kwenye waya, na bado ni ule ule kwa sababu kinachofanya uwe wao ni ile kona na ile kelele. Sisi tukitoa sembe eti ndo chama linakufa?

(Septemba 2016 baada ya kumfunga LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, mtu akawasha moto zile karatasi, mti ukaungua. Hilo naliacha hapa kwa ajili ya ndugu zetu wanaokuja na baruti, nalirudia chini.)

Ninachopendekeza. Sisemi tusishangilie, sisemi uongozi wa chuo upige marufuku, wakipiga marufuku mimi wa kwanza nitakuja na kiroba. Nasema kamati Alhamisi tupige kura sisi wenyewe: unga basi, tunarusha mabaki. Karatasi za kopi zilizoharibika, zile chembe za mashine ya kutobolea, mikato ya pembeni tunapobana vitabu, stesheni zote za kuanzia Kabwe mpaka Soweto ya hapa hapa Mbeya zinachoma magunia kwa magunia. Na anayerusha anafagia, siku ile ile. Afu ile laki nne na nusu ikae kwenye chama. Kipa wetu aliyepangua ile penati wakuu glavu zake zimeshonwa na uzi wa viatu, wa kushoto kidole cha kati kinatoka nje. Mshindi wa kombe. Jozi nzuri inapatikana kwa elfu 40, tulimwagia kipa unga wa bei ya jozi kumi na moja za glavu.

Uzi tayari, karibuni, matusi yawe ya kistaarabu.

APDETI 1

Dah, mmekuja wengi. Nitajibu yale yanayojibika.

Mkuu uliyesema hii chai, daftari ninalo, njoo Kabwe nikuoneshe, na jina lako mle linadaiwa elfu mbili tangu nusu fainali.

Aliyesema "kumbe mwenye stesheni ndo anataka turushe makaratasi, fursa imeonekana" nimecheka sana, nimeonesha mpaka bosi. Hapana mkuu, yale tunachoma, sitauza hata kilo. Ila nakubali inaonekana vibaya, nilitakiwa kufikiria kabla sijajitaja kazi.

Kuna mdau kaandika harusi moja ya pale Soweto inamwaga wali mwingi kuliko sisi msimu mzima, mbona hatuwaandikii uzi. Ni kweli kabisa. Mimi sio kamati ya harusi. Nashika daftari la hili chama ndo maana naongelea hili chama.

Komenti iliyonipa tabu kuliko zote ni ya yule anayesema na yeye kwao wanalima, upande wa Sumbawanga, anasema mwaka wa mavuno mengi mahindi yanakosa soko bei inaanguka mpaka mkulima anajuta, kwa hiyo anayenunua viroba 14 hata kama anavitupa mtoni amemsaidia baba yako, hela imeingia mfukoni. Nimekaa na hii komenti kama saa nzima, sina uongo. Kiuchumi sijui nimjibu nini, mwenye mahindi anataka mteja na mteja hapangiwi cha kufanya na unga wake. Nilichoweza ni kumpigia mzee. Nikamwambia ukweli, baba ule wa Machi ulikuwa unga, sio chokaa. Kacheka! Anasema alijua, chokaa haidondoki vile, chokaa inapeperuka. Nikamuuliza hiyo hoja ya mteja, akasema mnunuzi ni mnunuzi, yeye akishauza hamfuati mtu. Afu akaongeza, "Ila ungekuwa umenunua ukala ningekuuliza ulikuwa mtamu." Sasa mdau wa Sumbawanga hilo pima mwenyewe, mimi nimeshindwa kulitafsiri.

APDETI 2

Baruti. Nimeona mnachukulia poa, mtu anasema unga unawakaje wakati mama anapikia kila siku. Mkuu unga ukiwa kwenye sufuria ni unga, ukiwa hewani umetawanyika ni kitu kingine kabisa, kila chembe imezungukwa na hewa yake, cheche moja inatosha moto unarukia chembe hadi chembe kwa sekunde. Wenye mashine za kusaga wanalijua hili, ukiwasha sigara kwenye chumba chenye vumbi la unga wanakufukuza kwa mateke. Tarehe 27 Juni 2015 huko Taiwan, sehemu ya starehe inaitwa Formosa Fun Coast, vijana walikuwa kwenye sherehe wanarushiwa unga wa rangi, na ule unga ulikuwa wa wanga wa mahindi, mahindi haya haya. Ukashika moto. Watu 15 walikufa na walioungua wanakaribia 500. Pale ni nje, sio ndani.

Sisi mwaka jana tulirusha ndani ya ukumbi, watu wamebeba ile mishumaa ya moshi wa rangi, feni za juu zinazunguka zinasambaza. Nikikumbuka nywele zinasimama. Hata kama kura Alhamisi itasema unga uendelee, moto na unga visikae sehemu moja, hilo mimi nitagombana na mtu.

Na kuna mchezaji wetu ana pumu, huwa anakimbilia vyumbani kipyenga kikilia, watu wanadhani ana maringo.

APDETI 3

Aliyeleta ya Hispania ile La Tomatina ya Buñol, ahsante, ndugu zangu wanarushiana nyanya kila Jumatano ya mwisho ya Agosti. Ila ungesoma mpaka mwisho mkuu, zile nyanya ni za daraja la chini, sio za kwenda sokoni. Na baada ya hapo wanapita na magari ya maji barabara inaoshwa. Sisi gari letu la maji ni yule mama na kipande cha bati.

Wapo waliosema nimesaliti chama, mmoja kaniambia nirudishe jezi. Jezi sirudishi. Ina unga kwenye mshono wa kola tangu mwaka wa pili, umegoma kutoka, nimefua kwa sabuni zote, na msije kusema nautunza makusudi.

Watani wa Iringa mnaocheka kwenye huu uzi, nyie mnamwagia watu soda na mayai, mayai! Trei shilingi ngapi? Fungueni uzi wenu.

APDETI 4, Jumatano usiku

Nimehesabu watu wa kamati niliowapigia. Watano wako na mimi, wanne wanasema unga ubaki ila upungue uwe viroba vitatu vya ishara, wawili wanasema watasikiliza upepo. Kapteni wa wapiga ngoma anasema karatasi hazina utamu kwa sababu hazigandi kwenye jasho, na kwa hilo yuko sahihi, ukweli lazima usemwe, karatasi inadondoka tu. Kapendekeza maji. Mwezi wa sita Mbeya, maji. Nimemwambia akaoge kwanza yeye saa kumi na moja jioni pale uwanjani, akitoka mzima tutaongea.

Yule mama wa usafi nilipita kumsalimia leo, sijamwambia habari za uzi. Kaniuliza fainali nyingine lini. Sikujua anauliza kwa sababu ya kazi au kwa sababu ya kile kiroba, nikasita kujibu, kaniangalia akacheka akasema nenda mwanangu utachelewa gari.

Dakika kumi zilizopita kipa kanipigia. Kuna mtu kamtumia skrinishoti. Hajaongelea unga wala utamaduni, kauliza kitu kimoja, zile glavu za elfu 40 nimeandika tu kunogesha au zipo kweli, maana yeye anavaa namba tisa na za namba tisa zinaisha haraka dukani. Nimemwambia asubiri kesho saa kumi.